Maswali ya Wasomaji: Gari la kutoa sadaka, funguo hakuna, kadi haionekani

SWALI: Marehemu baba alituachia Toyota Corolla. Imesimama nyumbani tangu alipofariki. Funguo hatujui ziliko, na kadi ya gari hatujaiona. Mama na sisi watoto tumekubaliana tuitoe kwa makao ya watoto yatima. Tumeshaongea na mwenye winchi. Kuna ubaya tukiipeleka wiki hii, karatasi zikafuata baadaye?
Msomaji, Nyakato

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Mwambieni mwenye winchi asubiri. Gari likiingia getini bila kadi ya usajili, makao yamepokea mzigo: hayawezi kulihamisha kuwa lao, wala kuliuza kwa bei ya haki, na mnunuzi wa spea mwenye akili timamu hagusi injini isiyo na karatasi. Kwenu nako halijaondoka. TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) bado inalisoma kwa jina la marehemu, na likikamatwa au likigonga mtu barabarani, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina hilo, yaani ninyi mlioachwa.

Anzeni na mirathi. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, mpendekezeni msimamizi, kisha aende mahakamani na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kama yenu haifuati mila wala sheria ya Kiislamu, ulizeni Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Mwanzo ikishamthibitisha msimamizi humpa Fomu Namba 4, na hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kusaini mahali pa marehemu. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali, Fomu Namba 5. Gari liandikwe humo kwa namba ya usajili na namba ya chesesi, lisiandikwe tu “gari dogo moja”.

Hapa wengi hujikwaa: msimamizi si mwenye mali. Hawezi kutoa sadaka mali ya warithi kwa uamuzi wake. Muhtasari useme wazi kwamba warithi wote wameridhia gari litolewe, na kila mmoja atie saini. Kama kati yenu kuna mdogo aliye chini ya miaka 18, sehemu yake haitolewi kwa saini ya kaka au dada. Mfidieni thamani ya fungu lake kwenye mali nyingine, na iandikwe hivyo.

Sasa kadi. Kabla ya kwenda polisi kusema imepotea, ulizeni benki, SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na wakopeshaji ambao mzee alikuwa na shughuli nao. Kadi nyingi “zilizopotea” zimelala kwenye kabati la mkopeshaji kama dhamana. Ikiwa ndivyo, deni limalizwe kwanza. Kuripoti upotevu wa kadi ambayo unajua iko mahali fulani ni kutoa taarifa ya uongo. Mkihakikisha kweli haipo, msimamizi achukue taarifa ya upotevu polisi, kisha aende TRA nayo, pamoja na Fomu Namba 4, cheti cha kifo, kitambulisho na TIN (namba ya mlipakodi), aombe nakala ya kadi.

Kabla hamjaenda TRA, fungueni boneti mkasome namba zenyewe. Kwenye Corolla nyingi namba ya chesesi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Isugueni taratibu kwa brashi laini na mafuta ya taa; msitumie msasa wala grainda, kwa sababu namba iliyochubuka huonekana kama iliyochezewa na mtarudishwa kwa uchunguzi. Linganisheni pia namba ya injini. Magari mengi mjini yameshabadilishiwa injini na mwenye gari hakupeleka taarifa TRA. Tofauti hiyo itaibuka tu siku ya kuhamisha, kwa hiyo tafuteni risiti ya injini iliyofungwa.

Kadi ikipatikana, wakili awaandikie hati ya zawadi, na makao yatoe barua ya kupokea pamoja na TIN yao. Kuna ushuru wa stempu, ada ya kuhamisha umiliki na ada ya kadi mpya. Lipeni ninyi. Si vyema zawadi ianze kwa kuwatoa watoto fedha mfukoni. Na kabla ya kusaini, ombeni kuona leseni ya makao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Jina litakaloingia kwenye kadi liwe la taasisi. Mlezi akiwaambia “andikeni langu tu, ni jambo lile lile”, kataeni kwa heshima, maana siku akihama anahama na gari.

SWALI: Pikapu yangu iko Nansio, haijawashwa muda mrefu. Kadi ninayo kwa jina langu, ufunguo ndio sina. Nataka kuwapa wanaofundisha vijana umakanika. Fundi anataka kuvunja loki ya usukani ili waivute. Nimruhusu?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Usimruhusu. Usukani uliovunjwa na nyaya zilizokatwa chini yake ndiyo sura ya gari la wizi, na utaeleza hilo kwenye kila kizuizi. Isitoshe, loki nzima ni somo zuri kwa wanafunzi.

Mpate fundi wa funguo, umwoneshe kadi na kitambulisho. Asiyeuliza vitu hivyo, usimpe kazi. Kama pikapu haina chipu (kidude cha kielektroniki) kwenye ufunguo, kazi si kubwa: huchomolewa silinda ya kitasa cha mlango, na kwenye Toyota nyingi za zamani kuna namba ya ufunguo imegongwa juu yake; ufunguo huchongwa kufuata namba hiyo au kufuata vipande vya ndani. Ya chipu ni habari nyingine. Funguo zote zikipotea, kompyuta inayozuia injini kuwaka bila chipu hiyo lazima ifutwe na kufundishwa upya, au ibadilishwe. Funga kwanza betri ya volti 12 iliyojaa, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya zoezi hilo kompyuta inaweza kufa kabisa. Kwa gari linalokwenda darasani, gharama ya chipu mara nyingi haina maana; weka fedha hiyo kwenye usafiri.

Kuhusu kulihamisha bila ufunguo, matatizo ni matatu. Usukani umefungwa, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayakati kona. Kama gia ni otomatiki, imekwama kwenye P (ya kuegesha). Tafuta kitobo au kitufe kidogo pembeni ya mkono wa gia kilichoandikwa SHIFT LOCK, kibonyeze kwa bisibisi huku mtu amekanyaga breki, na kwenye magari mengi gia itashuka hadi N (huru). La tatu ni breki za nyuma. Unyevu wa kando ya ziwa hugandisha viatu vya breki kwenye ngoma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu), hasa kama handibreki iliachwa juu. Shusha handibreki, gonga ngoma kwa nyundo kuizunguka, usigonge ukingo, kisha ulegeze rejeta, yaani kirekebisho cha viatu vya breki. Ukilazimisha kuvuta gurudumu lililoganda, tairi litachanika na viatu vitang’oka.

Baada ya hapo gari lipande juu ya lori kwa winchi, lisiburuzwe kwa kamba. Otomatiki ikiburuzwa na magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, pampu ya mafuta ya gia haifanyi kazi kwa kuwa injini imezimwa, na gia huungua. Likivuka kwenda bara kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya utalipia lori pamoja na mzigo wake, kwa hiyo ulizia kwanza kama kuna chuo cha ufundi hukohuko kisiwani kinacholihitaji. Kisipopatikana, VETA Mwanza, chuo cha ufundi stadi, ni mahali pa kuuliza. Andika barua ueleze wazi: injini ipo au haipo, gia ya aina gani, ufunguo hakuna. Wasubiri wakubali kwa maandishi kabla lori halijawashwa. Petroli ya zamani itolewe tangini kabla ya safari, na betri ifunguliwe.

SWALI: Mdogo wangu aliye Marekani anasema huko gari bovu lisilo na funguo huja kuchukuliwa bure na mtoaji akapunguziwa kodi. Kwetu je?
Msomaji, Pasiansi

JIBU: Ni kweli kwamba huko taasisi nyingi hutuma winchi bila malipo, kwa kuwa huliuza gari mnadani au kwa wakata chuma. Lakini ufunguo ndio unaosamehewa. Hati ya umiliki kwa kawaida inatakiwa, na aliyeipoteza huomba nakala kwenye idara ya magari ya jimbo lake. Nafuu ya kodi nayo ina mipaka. Gari linalodaiwa thamani ya zaidi ya dola 500 linahitaji fomu 1098-C kutoka kwa taasisi, na taasisi ikiliuza tu, mara nyingi mtoaji hukata kiasi kisichozidi fedha iliyopatikana kwenye mauzo.

Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye biashara kuondoa mchango kwenye mapato yake, usiozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo, na mpokeaji awe taasisi ya hisani inayotambuliwa kwa sheria hiyo. Kwa hiyo usiishie kuuliza cheti cha usajili wa NGO. Omba nakala ya barua ya TRA inayoitambua taasisi kama ya hisani, uiweke pamoja na hati ya zawadi na barua ya kupokea kwenye faili la hesabu za mwaka huo. Mshahara wako ukiwa ndio mapato pekee, nafuu hiyo haikuhusu.