Fisi, ndoo tupu na alama nne

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Singida. Tulipewa ubeti huu tuuchambue:

Nilikwenda kisimani, jua halijachomoza,
Fisi yu mbele njiani, macho yake yaangaza,
Ndoo tupu mkononi, ti ti ti ti yajiliza,
Akarejea porini, miguu imepooza.

Niliandika: "Ni tarbia (ubeti wa mishororo minne), ina vina, tanakali za sauti na tashihisi." Nikapata alama 4 kati ya 10. Nilikosa wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea, uliishia mlangoni. Umetaja mbinu bila kusema zinafanya kazi gani.

Tazama "yu". Mshororo wa kwanza una mwendo, "nilikwenda". Wa pili unaanza na fisi "yu" pale, basi, bila njeo, yaani bila alama ya wakati. Safari imekatika, wakati umesimama. Hapo ndipo penye moyo wa ubeti.

Kisha ndoo. Nimeteka maji kisimani utoto wangu wote. Ndoo iliyojaa hailii. Hii inalia kwa sababu ni tupu na mkono unatetemeka. Mshairi hakuandika "niliogopa" popote: hofu ameipa ndoo imlilie. Hiyo ndiyo tashihisi yako: kitu kimepewa tabia ya binadamu. Na "ti ti ti ti", tanakali yako inayoiga mlio, inachukua mizani (silabi) 4 kati ya 8 za utao, yaani kipande cha pili cha mshororo: nusu nzima!

Vina (ni, za) vitaje kwa sentensi moja, uendelee. Usisahau kwamba miguu inatajwa kupooza fisi akishaondoka, si kabla. Andika upya, umpelekee mwalimu wako.