Picha za simu zinahifadhi sura ya chombo, ufundi wake unahitaji kazi nyingine

Ndugu uliyeuliza kama picha mia mbili ulizopiga kwa simu, pamoja na programu ya kuziunganisha ziwe umbo la pande tatu, zinatosha kuweka kumbukumbu ya chombo cha baharini cha mbao cha zamani kabla hakijaoza: kwa uzoefu wangu zinatosha kuhifadhi sura yake, na sura ndiyo sehemu iliyo rahisi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Chombo cha kwanza nilichokipima kilikuwa kimekaa nchi kavu kwa miaka mingi, kikiwa kimeegemezwa juu ya magogo mawili yaliyowekwa karibu na katikati. Nilifunga uzi kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, yaani nyuma yake, nikateremsha timazi kila baada ya nusu mita, nikaandika umbali wa kila ubao kutoka kwenye uzi, na baada ya wiki tatu nikawa na mchoro niliouonea fahari. Nilipompelekea fundi mzee aliyewahi kuunda vyombo vya aina ile, aliutazama kimya kwa muda, kisha akaniuliza ni nani aliyeunda chombo chenye mgongo wa ngamia. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, niliouchora ulikuwa umepanda katikati na kushuka kwenye ncha zote mbili, kwa sababu omo na tezi zilikuwa zimening'inia bila egemeo kwa muda wote ule, na mbao zikaufuata uzito. Nilikuwa nimechora uzee wa chombo nikidhani ni umbo lake.

Tangu siku hiyo hutengeneza michoro miwili na kuitenganisha kabisa: mmoja unaonyesha chombo kama nilivyokikuta, na mwingine unaonyesha kilivyoelekea kuwa kilipotoka mikononi mwa fundi, nikiandika pembeni kila nilichosahihisha na sababu yake. Mstari wa msingi nausawazisha kwa mpira wa maji ule ule wanaotumia waashi, kisha napima mkuku mzima dhidi ya mstari huo kabla sijagusa kitu kingine. Vituo vya kupimia navikaribianisha kwenye omo na tezi, ambako mbao hujipinda sana, na kuviachanisha katikati. Halafu huandika wazi kama kipimo kimechukuliwa nje ya ubao au ndani, kwa maana ubao wa sentimita tatu ukisahauliwa pande zote mbili huongeza sentimita sita kwenye upana wa chombo. Programu yako ya picha itumie, ila uweke ndani ya picha ufito wenye vipimo vinavyosomeka, na usiitegemee kwenye sehemu zinazong'aa wala kwenye giza lililo kati ya mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo.

Hata hivyo, vipimo sahihi kabisa havikuambii kipi kilitangulia. Maboti ya nchi za Nordiki yenye mbao zinazolaliana, ambayo mapokeo yake UNESCO iliyaandikisha katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, huundwa kwa kuinua mbao za ubavu kwanza na kutia mataruma baadaye. Kadhalika pinisi, vyombo vya matanga vya Sulawesi Kusini nchini Indonesia, zilizoandikishwa mwaka 2017. Mchoro wa chombo kilichokamilika hauonyeshi hatua hiyo, na msomaji asiyejua ataanza na mataruma, apate chombo kinachofanana na cha awali lakini kilichoundwa kwa akili nyingine. Hali ya mtepe, chombo cha tanga cha pwani ya Afrika Mashariki, ni ngumu zaidi: ulishonwa kwa kamba za nazi, ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na tulichobaki nacho ni vielelezo, yaani mifano midogo ya chombo, picha na maelezo ya watazamaji. Kielelezo hukuonyesha mshono ulipopita, lakini hakikuambii kamba ilikazwa kwa nguvu kiasi gani.

Sisemi michoro ni kazi bure. Ofisa wa jeshi la maji la Ufaransa, Edmond Pâris, alipima vyombo vya watu wa mataifa mengi katika safari zake za kuizunguka dunia kuanzia miaka ya 1820, na kutokana na michoro yake viliundwa vielelezo vilivyowekwa katika jumba la makumbusho ya bahari mjini Paris. Nashauri tu kwamba muda utakaoupata uugawe, na sehemu kubwa umpe fundi.

Na fundi usimketishe kitini umhoji. Nilijaribu hivyo, nikajibiwa kwamba umbo hupatikana kwa jicho tu, jibu ambalo ni la kweli na halinisaidii. Aliposhika tezo ndipo maneno yalipokuja yenyewe: kwa nini anaukataa ubao ambao mimi niliuona mzuri, anajuaje kwamba kalafati, yaani nyuzi za kuzibia nafasi kati ya mbao, imeingia vya kutosha kwa kusikiliza mlio wa nyundo, anafanya nini ubao ukipasuka wakati wa kupindwa. Kamera iweke nyuma ya bega lake, ili atakayejifunza aone mikono kama anavyoiona mwenyewe. Majina ya sehemu yaandike kama anavyoyatamka yeye, hata kama kamusi inasema vingine. Mwombe ruhusa ya kurekodi na ya kuonyesha rekodi, kwa sababu maarifa hayo ni yake, na kama yuko radhi jina lake liandikwe kwenye kila mchoro.

Mwulize pia kama bado ana vigezo vyake vya mbao, yaani maumbo anayoyafuata anapochonga, na kijiti chenye alama anachopimia. Mimi nilikumbuka kuuliza mwishoni kabisa, nikaambiwa kijiti kilishawashiwa moto, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukitaka. Ukivipata, vichore kwa ukubwa wake halisi kwa kuvizungushia kalamu juu ya karatasi, pande zote mbili, pamoja na alama zote hata zile zinazoonekana kama mikwaruzo. Na chombo chako kisihamishwe wala kuinuliwa kutoka mahali kilipolala mpaka mkuku uwe umepimwa.