Muulize Wakili: Nimlipe Wakili au Niende Mwenyewe?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja, kila moja kwa njia yake: hili nalo ni la kumlipa wakili? Uwakili ndio unaonilisha na kusomesha wanangu, na sitaki kuudharau. Lakini inaniuma kuona mtu ameuza mbuzi ili alipie fomu ambayo angeijaza mwenyewe, na inaniuma zaidi kuona mwingine amekwepa gharama ya ushauri wa saa moja akapoteza kiwanja. Nimechagua barua zinazoonyesha pande zote mbili.

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Nimekuwa mtunza stoo katika kiwanda hapa Morogoro miaka sita, mshahara 390,000 kwa mwezi. Tarehe 4 niliitwa ofisini nikaambiwa kazi basi, kuna upotevu wa mali. Sikupewa barua ya kujieleza wala kuitwa kwenye kikao. Wanataka nisaini karatasi kwamba nimelipwa stahiki zote na sina madai, ndipo wanipe mshahara wangu wa mwezi. Sijasaini. Wakili wa hapa mjini anataka 600,000 na nimeanza kukopa. Nifanyeje? *Mtunza stoo, Kihonda*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako ilipofika nilikupigia siku hiyohiyo, maana ungesubiri jarida litoke muda ungekuwa umekwisha. Naandika tena hapa kwa ajili ya wenzako.

Acha kukopa, hesabu siku. Anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za kuchelewa, na mwajiri atakupinga hapohapo kabla hata hujasikilizwa. Watu wengi ninaowaona hawashindwi kwa kukosa haki. Wanashindwa kwa sababu mwezi mzima waliutumia kutafuta hela ya wakili.

Unaanza na Fomu Namba 1 ya Tume. Ijaze, nakala mpelekee mwajiri asaini kwamba amepokea, kisha uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Kwanza mtaitwa kwenye usuluhishi. Msuluhishi hahukumu; anawakalisha mzungumze. Unaweza kwenda peke yako, na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au na mtu unayemwamini. Hapo sioni haja ya wakili wa 600,000. Unachohitaji ni kuijua hesabu yako kabla hujaingia mle ndani.

Tuipige pamoja. Kwa mshahara wako na wiki ya siku sita za kazi, siku moja ni kama 15,000. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Siku saba ni 105,000. Mara miaka sita ni 630,000. Ongeza malipo ya notisi ya siku 28 ambayo hukupewa, likizo ambayo hukwenda, na mshahara wa siku ulizokwisha kufanya kazi. Mshahara huo ni wako tayari. Hawana haki ya kuubadilisha na saini yako, na umefanya vema sana kukataa. Dai pia hati ya utumishi, utaihitaji utakapoomba kazi kwingine. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ni jambo la peke yake juu ya hayo yote.

Sasa sikiliza vizuri. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu halipwi kiinua mgongo. Kwa hiyo hilo neno “upotevu” walilolitaja lina uzito, usilichukulie kwamba ni maneno ya hasira. Usuluhishi ukishindikana, shauri litakwenda kwenye uamuzi: kuna mashahidi, kuna leja za stoo, kuna kuhojiwa. Hapo tafuta wakili, na hiyo hela uliyotaka kuitumia leo utaikuta. Vilevile, siku polisi watakapokupigia simu kuhusu mali hiyo, jambo limeshakuwa jinai. Usitoe maelezo kabla hujazungumza na wakili, hata kama afisa ni mpole na anakuambia ni utaratibu tu.

SWALI: Baba yetu amefariki, alikuwa Mwislamu, ameacha nyumba hapa Tanga na akiba benki. Baba mdogo anasema siku hizi mirathi bila wakili haiendi, tuchange milioni moja na nusu. Nakutumia muhtasari wetu wa kikao uutazame. *Binti wa kwanza, Tanga*

JIBU: Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Nadhani baba mdogo amesikia kwamba tangu 2021 mawakili wanaruhusiwa kwenye Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Ni kweli wanaruhusiwa, ila hakuna anayelazimishwa kuwa na wakili. Mirathi ya Mwislamu, au ya mtu aliyefuata mila, inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi. Mnakwenda na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na vitambulisho, karani atawaelekeza fomu. Kiswahili ndicho kinachotumika pale, na hakimu amezoea watu wasio na wakili.

Nimeusoma muhtasari wenu. Una majina saba ya watoto, wote wa mama yenu. Lakini kwenye barua yako mwenyewe umemtaja mke wa pili aliyeko Pangani na watoto wake wawili, na sioni jina hata moja la upande huo wala saini. Rudieni kikao, nauli ya Pangani lipeni ninyi. Mkienda na karatasi hii mnakaribisha pingamizi, na likishawekwa pingamizi ndipo mtakapohitaji kweli kumlipa wakili, pengine kwa miaka. Mkimtambua kila mrithi tangu mwanzo, hiyo milioni na nusu wagawieni watoto.

Utakapoteuliwa msimamizi, kumbuka nyumba haijawa yako. Una miezi minne ya kurudisha mahakamani taarifa ya mali na hesabu za mgawanyo. Ukiona muda hautoshi, omba nyongeza kabla haujaisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nanunua kiwanja chenye hati Dodoma kwa milioni 14. Muuzaji ana wakili wake atakayeandika mkataba na kugonga muhuri. Haitoshi? *Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Haitoshi, mwalimu. Hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu wasibane hela. Ule muhuri unashuhudia kwamba fulani amesaini mbele ya wakili. Haushuhudii kwamba kiwanja ni cha fulani. Watu wanauangalia muhuri mwekundu wanatulia, kumbe hawajauliza lolote kuhusu ardhi yenyewe.

Tafuta wakili wako, asiwe wa muuzaji wala wa dalali, na umlipe kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ajue jina lililomo na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Kama kuna nyumba ya ndoa, mwenza wa muuzaji lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalilinda hilo. Wewe mwenyewe nenda saa za jioni uongee na majirani. Na ingekuwa ardhi ya kijiji, ningekutaka kwanza upite Halmashauri ya Kijiji.

SWALI: Nitajuaje kwamba huyu ni wakili kweli, si kishoka? Na kama sina hela kabisa? *Mama wa Mabibo*

JIBU: Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni. Andika jina lake utaona kama anaruhusiwa kufanya kazi, maana leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Makubaliano ya ada yawe kwenye maandishi, na kila unapolipa dai risiti. Kama huna hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa na taasisi zinazohudumia bure, zikiwemo LHRC, TAWLA na WLAC. Nenda mapema, na ubebe karatasi zote ulizonazo, hata zile unazodhani hazina maana.