Usiifunge kadi ya zamani kabla hujapiga hesabu

Tangu nirudi Mwanza, ndugu waliobaki Marekani hunipigia kuuliza habari za kadi za mkopo. Juzi ilikuwa zamu ya mpwa wangu wa Houston: "Shikamoo mjomba. Kadi moja nimeimaliza deni, niifunge nipumue?"

Nikamwambia anitajie namba kwanza. Kadi aliyoimaliza ina kikomo cha dola 4,000. Nyingine ina kikomo cha dola 1,000, na anadaiwa 900. Kwa sasa basi anadaiwa 900 kati ya 5,000, asilimia 18. Akiifunga ile kubwa, deni ni lilelile, ila linasomeka 900 kati ya 1,000: asilimia 90! Hajakopa hata senti, na alama zake za mkopo zinaporomoka. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji wa Marekani hupimia uaminifu wa mtu katika kulipa, huanzia 300 hadi 850, na kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 hivi. Kinachokizidi ni historia ya kulipa tu, asilimia 35.

Sisi wa huku tumezoea deni likiisha tunachana karatasi. Ila ukikaa mwaloni Kirumba utaona: mama anayechukua dagaa kwa mali kauli na kulipa kwa wakati anaaminika hata siku asipochukua gunia. Anayezungukia matajiri watano wiki moja, wanaanza kuulizana ana nini.

Ndiyo maana maombi ya kadi mpya yasifuatane. Kila ombi hukaa kwenye taarifa yako ya mkopo, yaani rekodi ya madeni na malipo yako, miaka 2, ingawa FICO huliangalia kwa miezi 12 tu. Moja halina neno, kwa kawaida hupunguza alama chache. Lakini kama unakaribia kuomba mkopo wa nyumba, tulia.

Kuhusu umri wa kadi watu wanatishana bure. Kadi iliyofungwa ikiwa safi inaweza kubaki kwenye taarifa hadi miaka 10, na FICO bado inauhesabu umri wake.

Ada ya mwaka ndiyo ingenifanya nifikirie kufunga. Hata hapo, mimi niliipigia benki kwanza, wakanihamishia kwenye kadi yao isiyo na ada, akaunti ikabaki ileile. Na kama kadi inakutia tamaa ya kununua hovyo, ifunge tu, alama utazitafuta baadaye.

Mpwa wangu nimemwambia azilipe hizo 900 kwanza. Ile kubwa aitumie kununua kitu kidogo mara mojamoja na kukilipa chote, maana kadi iliyolala muda mrefu benki inaweza kuifunga yenyewe.