Kuhusu ile kozi yako

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Wauliza hiyo masters ya saiba sekyuriti, yaani usalama wa mitandao, inayochanganya teknolojia, sera na sheria ni elimu kweli ama ni kudonoadonoa, na wenzako wakwambia ukae kwa koding tu. Mimi naona uende.

Wakumbuka Julai 2023 eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipozimwa? Tiketi za treni ya SGR shida, tokeni za stima haziji, wageni ikabidi wapewe viza wakishafika, na kundi la wadukuzi, Anonymous Sudan, wakajitapa ni wao. Sasa ukiangalia kiufundi haikuwa maajabu, ni seva kumiminiwa maombi feki kwa mpigo mpaka ya mwananchi wa kweli hayapiti, na serikali ikasema hakuna data iliyopotea. Fundi atakwambia chuja hayo maombi, sawa, lakini nani aliamua huduma zaidi ya 5,000 zipitie mlango mmoja, na mlango ukizibwa ofisi zirudi kwa karatasi ama watu wangoje tu? Hiyo ni sera, na wanaoiamua wengi hata logi ya seva, ile rekodi ya yanayoingia na kutoka, hawajawahi kuiona.

Halafu kuwashika sasa. Wamarekani ndio walioteka mitambo ya kundi hilo Machi 2024, tena kwa kibali cha korti, na Oktoba wakatangaza mashtaka ya ndugu wawili Wasudani huko California. Bila kile kibali, wakili wa utetezi angeanza na ushahidi wenyewe, mliupataje? Huyo fundi asipojua hayo kazi yake yote yaenda na maji.

Na huku kwetu ile sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta, mle mle kwenye kuadhibu wadukuzi wakatia na habari za uongo (sijui nani aliona vinafanana), mabloga wakaenda kortini, vifungu 26 vikasimamishwa mpaka Februari 2020. Ndiyo maana nasema sheria nayo uisome.

Ila kabla hujalipa, waulize kama kuna maabara ya kushika kwa mkono, si slaidi tu, manake mtu wa sera asiyesoma logi kila muuza programu atamchezea. Kama hakuna, tafuta chuo chengine. Nitumie orodha ya masomo niione, na hiyo ya deposit ongea na mamako kwanza, mimi mwezi huu sina kitu.