Maswali na majibu: Kompyuta inajizima yenyewe

Fundi, kompyuta yangu ya mezani inazimika kila nikihariri video. Nikiiwasha papo hapo inazimika haraka zaidi, nikiiacha nusu saa inakuwa nzima. Msomaji, Makorora

Nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe. Mashine inayopona ikipoa ina tatizo la joto. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta; nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, na joto likizidi kupanda mashine hukata umeme yenyewe kabla kitu hakijaungua. Kuhariri video huifanyisha prosesa kazi kwelikweli, ndiyo maana ukiandika barua huoni tatizo.

Kabla hujatoa hela, fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya chumbani ndani, halafu hariri kama kawaida. Ikidumu, mchawi ni joto. Zima, chomoa waya ukutani, safisha kwa brashi laini ya rangi. Vumbi baya ni lile lililoshikamana kati ya mapezi ya bati la kupozea, chini ya feni; hulioni mpaka feni itolewe. Ukipuliza, zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Kama mashine ina miaka mingi, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake huenda imekauka. Fundi aifute yote na kupaka mpya, kidogo tu. Na tafadhali itoe ndani ya kabati la meza: wakati wa kaskazi hapa Tanga hata sisi tunalala madirisha wazi.

Yangu inazimika friji ikianza kuunguruma, taa nazo zinafifia. Ninunue UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme? Mama wa watoto watatu, Chumbageni

Shikamoo mama. Mota ya friji inapoanza huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na volti za nyumba, ambazo zinatakiwa kuwa 230, zinashuka. Paueri saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikiwa na afya huvumilia mshuko mdogo, iliyochoka haivumilii. Anza na jambo la bure: kama friji na kompyuta zinatumia ekstensheni moja, zitenganishe leo. Taa zikiendelea kufifia sana, mwite fundi umeme kabla ya fundi kompyuta, maana waya uliolegea mahali fulani unaweza kuleta moto.

UPS itasaidia, ila iwe na wati za kutosha, na printa ya leza isichomekwe humo. Kumbuka pia betri yake huchoka baada ya miaka michache. Mara nyingine watu wanahangaika na kompyuta kumbe UPS kuukuu ndiyo inayokata umeme. Tatizo likibaki, fundi ajaribu paueri saplai nyingine iliyo nzima. Ya zamani msiifungue: kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata waya ukichomolewa.

Fundi wa mtaani anataka nipige Windows upya. Nikubali? Msomaji, Ngamiani

Bado. Kupiga Windows ndiyo dawa ya kila ugonjwa kwa mafundi wenye haraka, na feni iliyokufa haiponi kwa programu. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs kisha System, tafuta saa ile ilipozimika. Ukikuta namba 1074, kuna programu au mtu aliyeiamuru izime, mara nyingi ni masasisho ya Windows yenyewe. Hapo rekebisha saa za masasisho, basi. Ukikuta 41, maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Haikwambii kwa nini, ila ikiwa haina msimbo wa kosa, mimi huanza na umeme na joto. Kama skrini ya bluu hutokea na kupotea upesi, ondoa alama kwenye "Automatically restart" katika mipangilio ya mfumo, upate muda wa kupiga picha msimbo wake.

Kompyuta mpakato inazimika betri ikionyesha asilimia 30. Mwanafunzi, Pongwe

Betri imechoka. Andika `powercfg /batteryreport` kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. Ikiwa imevimba na kuinua kibodi, usiichaji tena hata mara moja.