Barua kwa mwanangu aliyeko Konya

Mwanangu,

Waalaykumus-salaam. Umeniandikia kutoka huko Uturuki kwamba Ijumaa iliyopita imamu wa hapo alisoma hotuba kwenye karatasi bila kuinua macho, na mwenzako aliyeko Bursa akakwambia na kwao yamesomwa maneno hayohayo. Ukauliza: swala nyuma ya mtumishi wa serikali inasihi? Na mbona sisi wazee tulikuwa tukililia serikali isimamie dini?

La kwanza jepesi. Inasihi, wala usiirudie kwa adhuhuri. Sahaba Ibn Umar aliswali nyuma ya Hajjaj, na unajua gavana huyo alivyokuwa dhalimu. Tena uko kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Sisi Mashafii tukiulizwa masharti ya Ijumaa tunahesabu vichwa, vitimie arobaini. Vitabu vyao vinataka awepo sultani au naibu wake, au idhini yake. Kwa hiyo Mturuki uliyebanana naye safuni haoni ajabu unayoiona wewe. Nami huwa nacheka kidogo, maana Abu Hanifa mwenyewe aliukataa ukadhi wa khalifa Al-Mansur akatiwa gerezani.

Huko watu wengi watakwambia Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, aliitenga dini na serikali. Mimi naona aliiingiza ofisini. Tarehe 3 Machi 1924, siku ileile ukhalifa ulipofutwa, iliundwa idara ya serikali ya mambo ya dini wanayoiita Diyanet, na wakfu ukawekwa chini ya idara nyingine ya serikali. Hapo pa wakfu usipapite haraka. Maimamu waliokuwa wakila kodi ya maduka na hamamu zilizowekwa wakfu wakaja kuwa watu wa mshahara. Si kwamba enzi za Maothmani walikuwa huru kabisa, maana Sheikhul-Islam, mkuu wa wanazuoni, aliteuliwa na sultani na sultani akimchoka humwondoa. Lakini msikiti wenye chakula chake una sauti yake.

Kisha ikaja habari ya adhana. Mwaka 1932 waadhini walianza kuamrishwa waadhini kwa Kituruki, “Tanrı uludur” badala ya Allahu Akbar. Mwaka 1941 ikatungwa sheria: anayeadhini kwa Kiarabu afungwe hadi miezi mitatu. Mfikirie mzee amepanda ngazi za mnara alfajiri, ulimi umezoea maneno ya utotoni, na chini huenda yupo askari anasikiliza. Hali ilikuwa hiyo mpaka Juni 1950, chama cha Adnan Menderes kilipoingia madarakani na marufuku ikaondolewa, Ramadhani ikibisha hodi. Watu walilia kwa furaha, na wana haki.

Ila angalia kilichobaki. Adhana ilirudi, ofisi haikuondoka. Leo ina misikiti zaidi ya 80,000 na watumishi zaidi ya 100,000, na hotuba ya Ijumaa huandaliwa Ankara. Usiku wa 15 Julai 2016, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, ofisi hiyo iliamuru salawati zisomwe minarani na watu waitwe barabarani. Mapinduzi yakashindwa, nami sikusikitika. Lakini mnara uliotii amri ya wasiopenda Kiarabu ndio uliotii amri ya wacha Mungu. Hao wacha Mungu walipoipata ofisi hawakuivunja, waliipanua.

Sasa la pili. Ni kweli tulilia, na hapa Zanzibar tuna sheria ya Ofisi ya Mufti ya 2001. Mufti anateuliwa na Rais, na masheikh wengine waliipinga tangu mwanzo. Msimamo wangu ni huu: kadhi aamue talaka na mirathi, mahujaji wasitapeliwe na mawakala, mwezi ukiandama atangaze mmoja. Mimbari waachiwe wenye msikiti. Hapa mtaani imamu akiteleza katika hotuba, wazee humngoja barazani baada ya swala, kahawa mkononi, wakamuuliza dalili yake. Huyo wako utamuuliza nini, na karatasi si yake?

Kwa hiyo nenda Ijumaa, usikilize, la kheri ulichukue. Ukitaka kubishana, bishana na mimi kwa barua. Usimwandame imamu wa watu kwa kupokea mshahara wa Ankara, maana na ada yako ya chuo na kitanda unacholalia vinalipwa na serikali hiyohiyo.

Wote hawajambo.

Baba yako